Mzigo wa homa ya ini sugu: kwa nini namba zinapishana, na wanaokufa wanaandikwa wapi?

#1 Kikokotoo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikikaribia tarehe 28 Julai, Siku ya Homa ya Ini Duniani, namba zinaanza kumwagika. Ripoti ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya 2024 inasema homa ya ini B na C ziliua watu milioni 1.3 mwaka 2022. Hesabu yao ya 2019 ilikuwa milioni 1.1. Ukirudi nyuma unakuta watafiti wengine walitaja milioni 1.45 kwa mwaka 2013, ila hao waliingiza na aina A na E ambazo si sugu. Kwa wagonjwa ndiyo usiseme: aina C ilikuwa inatajwa kuwa na watu milioni 130 hadi 150, ikaja 71, ikaja 58, sasa ni 50. Kuna mdau aliuliza kwenye uzi mwingine kama watu wanapona kwa kasi hiyo, akaishia kuchekwa. Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu aliyopewa, ndiyo maana nimefungua huu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Maradhi haya yana tabia mbili zinazomtesa kila anayetaka kuyahesabu: yanachelewa, na yanaua kwa jina la mwingine. Mtu asiyezijua hizo mbili atasoma takwimu yoyote ya homa ya ini kichwa chini miguu juu.

Tuanze na kuchelewa. Mtoto anayepata aina B wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa karibu 90% wa kubaki na virusi moja kwa moja. Mtu mzima akiambukizwa, ni chini ya 5%. Mtoto yule atakua, atasoma, atapata kazi na familia, na ini likianza kugoma atakuwa na miaka 40 au 50. Kwa aina C, karibu 70% ya walioambukizwa hubaki na virusi, na kati ya hao 15% hadi 30% hufikia sirosisi, yaani ini kujaa makovu na kusinyaa, ndani ya miaka 20. Kwa hiyo vifo vya leo ni deni la sindano, damu na uzazi wa miaka ya 1970 na 1980. Maambukizi mapya yanaweza kushuka na vifo vikapanda mwaka uleule, na hakuna aliyedanganya.

Misri ndiyo somo lenyewe. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipambana na kichocho kwa kampeni za sindano vijijini, na sindano zilirudiwa kutumika. Kichocho kilidhibitiwa, ila aina C ikasambaa ndani ya kizazi kizima. Aliyedungwa utotoni ndiye aliyekuwa anajaza wodi za ini akiwa mtu mzima, wakati kampeni yenyewe ilishasahaulika.

Tabia ya pili inaonekana ukikaa na karatasi mkononi. Chukua cheti cha kifo cha muundo wa kimataifa. Kina mistari (a), (b), (c), (d). Juu unaandika kilichomuua mtu saa ile, chini yake kilicholeta hicho, unashuka hivyo mpaka kwenye chanzo. Sasa mgonjwa kaletwa usiku anatapika damu, hakufika asubuhi. Daktari wa zamu anaandika: (a) kutokwa na damu nyingi, (b) kupasuka kwa mishipa iliyovimba ya umio, (c) sirosisi. Mstari wa (d) unabaki mtupu. Labda majibu ya virusi yako kwenye faili la kliniki nyingine, labda marehemu hakuwahi kupimwa. Anayeweka misimbo ya kimataifa ya magonjwa anachukua mstari wa chini kabisa ulioandikwa, anagonga K74.6, sirosisi isiyoainishwa, anageuza ukurasa. Kama kwenye (d) pangeandikwa homa ya ini C sugu, msimbo ungekuwa B18.2 na marehemu angehesabiwa upande wetu.

Msidhani hiyo ni shida ya nchi zenye mafaili ya karatasi. Marekani walichunguza wagonjwa 1,590 waliofariki, wote walikuwa wanajulikana hospitalini kuwa na aina C. Walioandikiwa C kwenye cheti cha kifo walikuwa 19% tu, wakati zaidi ya 70% walikuwa na dalili za ugonjwa wa ini kabla ya kufa. Na hao ni wale ambao walishapimwa! Hata kwa vyeti hivyohivyo vyenye matundu, mwaka 2007 nchini humo vifo vilivyoandikwa aina C vilifika 15,106 na kuvipita vya UKIMWI, 12,734.

Karibuni. Wenye maswali, wenye kupinga, wote.

#2 Siti ya Mbele

Nimeweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

#3 Zamu ya Usiku

Mkuu Kikokotoo, umegusa hospitali, mimi niguse maabara maana ndiko ninakolia mkate.

Huyo mdau aliyechekwa kuhusu 150 kwenda 50, jibu lake kubwa liko kwenye kipimo. Kipimo cha haraka cha aina C kinatafuta kingamwili. Kingamwili zinakwambia kirusi kiliwahi kupita kwenye damu ya mtu huyu, basi. Aliyepona mwenyewe anazo. Aliyemeza dawa akapona anazo. Anayeumwa sasa hivi anazo. Ili ujue nani ana virusi hai lazima utafute RNA, yaani chembe za urithi za kirusi chenyewe, na hicho kipimo kina gharama na mashine yake, ndiyo maana tafiti nyingi za zamani ziliishia kwenye kingamwili.

Misri hiyohiyo: utafiti wa kitaifa wa 2008 kwa watu wa miaka 15 hadi 59 ulikuta kingamwili kwa 14.7%, lakini wenye virusi hai walikuwa karibu 10%. Mwaka 2015 ikawa 10% kwa 7%. Mtu akichukua namba ya kwanza na mwingine akachukua ya pili, watabishana mpaka kesho na wote wana karatasi halali.

Kingine ambacho huwa kinanikera: nchi inatibu watu mamilioni, halafu mtu anakuja kupima mafanikio kwa kingamwili. Hazishuki! Utakufa nazo. Ukipima hivyo utaona kampeni imefeli wakati imefaulu.

Kwa aina B tunatafuta HBsAg, antijeni (protini) ya ganda la kirusi. Ikikaa zaidi ya miezi 6 ndipo tunaita sugu. Tafiti za mtaani huwa zinapima mara moja tu, zinachukulia wote sugu. Kwa watu wazima wengi haina madhara makubwa kwa hesabu, lakini mjue mkato upo.

#4 Mwanatakwimu Mkimya

Nichomekee hapohapo kwa Zamu ya Usiku. Kabla ya kuuliza walipima nini, uliza walimpima nani.

Damu za wachangiaji ndizo rahisi kupata, na ndizo zinazodanganya zaidi. Mchangiaji ni kijana, ana afya, na aliyegundulika mara ya kwanza hakaribishwi tena, kwa hiyo wanaobaki wamechujwa. Wajawazito wa kliniki wanawakilisha wanawake wa umri fulani, wanaume hawamo. Hata utafiti wa kaya, ambao ndio bora, unagonga milango ya nyumba. Asiye na nyumba hagongewi, mfungwa hagongewi.

Marekani wana utafiti wa kaya unaoheshimika sana. Kwa miaka ya 2003 hadi 2010 ulitoa makadirio ya watu milioni 2.7 wenye aina C sugu. Watafiti wengine wakaongeza makundi yaliyoachwa, wafungwa, wasio na makazi na wengineo, wakafika angalau milioni 3.5. Tofauti ya watu laki nane, na hao walioachwa ndio wenye maambukizi mengi kuliko wengine.

#5 Mzee wa Kinyume

Nimesoma mpaka mwisho na bado sijashawishika. Kila ugonjwa una siku yake, una ripoti yake na una mamilioni yake ya wafu. Ukijumlisha wote tungeshaisha duniani. Namba zikipanda fedha zinakuja, zikishuka wanasema "mafanikio" fedha zinakuja tena. Hizi ni biashara za watu wa dawa, wakuu. Nipingeni.

#6 Kikokotoo

Mzee wa Kinyume, nusu ya kwanza nakuunga mkono na historia inakuunga mkono. Hayo ya jumla kuzidi wafu wenyewe ndiyo yaliyowasukuma akina Christopher Murray na Alan Lopez, watafiti walioanzisha utafiti wa mzigo wa magonjwa duniani. Kazi yao ilitoka na ripoti ya Benki ya Dunia ya 1993, na tangu hapo utaratibu ni huu: kwanza unakadiria vifo vyote vya umri fulani mahali fulani, halafu unavigawa. Kila marehemu ana chanzo kimoja tu. Homa ya ini ikitaka vifo zaidi, lazima ivinyang'anye kwa mwingine, kwa mfano pombe au kundi la "chanzo hakijulikani". Hakuna kuongeza wafu hewani.

Sasa mgawanyo unafanyikaje kama cheti kimeandika sirosisi tu? Wanachukua tafiti za wagonjwa wa sirosisi na saratani ya ini waliopimwa vizuri, wanaona asilimia ngapi walikuwa na B, ngapi C, ngapi pombe, ngapi mafuta kwenye ini, kisha wanaligawa lile fungu la vifo kwa uwiano huo. Udhaifu unajionyesha: sehemu ambayo haina tafiti za hivyo inaazima uwiano wa majirani. Hapo ukinibana nitakubali, namba ya nchi nyingi ni ya kuazima.

Lakini kwamba virusi vinaua, hilo halijaazimwa popote. Beasley na wenzake walifuatilia wanaume 22,707 huko Taiwan, watumishi wa serikali, wakachapisha matokeo mwaka 1981. Saratani ya ini iliua 41. Kati ya hao 41, waliokuwa na HBsAg tangu mwanzo walikuwa 40. Hatari yao ilikuwa mara 223 ya wasio nayo. Kwenye fani ya magonjwa hukutani na uwiano wa hivyo mara mbili maishani.

Kuhusu biashara: hadi mwisho wa 2022 kulikuwa na watu milioni 254 wenye B sugu. Waliogundulika walikuwa 13%. Waliokuwa kwenye dawa, karibu 3%. Kama ni biashara, meneja wake afukuzwe.

#7 Mzee wa Kinyume

Hahaha, hapo kwa meneja umenipata. Bado nina jicho langu moja wazi lakini.

#8 Nuru07

Kaka Kikokotoo, huwa nasoma tu humu, leo niandike.

Naishi na B. Niligundulika nilipopimwa afya kwa ajili ya kazi ambayo nilishaambiwa ni yangu. Baada ya majibu kazi ikayeyuka, simu hazikupokelewa. Ini langu mpaka leo liko vizuri kwa vipimo vyote, siumwi popote. Lakini nimeficha vyombo vyangu nisionekane navitenga, nimeulizwa na ndugu kama naweza kushika mtoto wao, na uchumba mmoja ulikufa. Kila nikienda kuchukua majibu ya damu silali siku mbili kabla.

Swali langu ni fupi. Kwenye hizo hesabu zenu za mzigo, mimi niko wapi?

#9 Siti ya Mbele

Pole sana dada. Kwa wasiojua: B haiambukizwi kwa kula pamoja wala kushikana mikono wala kubeba mtoto. Ni damu, ngono, na mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Tuendelee.

#10 Kikokotoo

Dada Nuru, asante kwa kuandika. Jibu la kweli ni kwamba haumo. Nikuonyeshe jinsi unavyoachwa, kwa tarakimu.

Kipimo kinachotumika zaidi kinaitwa DALY. Kinajumlisha vitu viwili: miaka ya uhai iliyopotea kwa kufa mapema, na miaka iliyoishiwa kwa kuumwa, ikizidishwa kwa uzito wa maumivu. Uzito ni kati ya 0, afya kamili, na 1, sawa na kifo. Sirosisi iliyofikia hatua ya tumbo kujaa maji na mtu kuchanganyikiwa imepewa 0.178. Saratani wakati wa kugundulika na kutibiwa ni 0.288, ikishasambaa 0.451, siku za mwisho 0.540 hata kama dawa za maumivu zipo.

Tuseme mtu ameishi na virusi miaka 25 bila dalili, akaugua sirosisi ya hatua hiyo miaka 2, akafa. Tuseme pia kwamba umri aliofia ulikuwa unampa miaka 35 mingine kwa jedwali la maisha. Miaka 2 mara 0.178 ni 0.356. Ongeza 35. Jumla 35.356. Kifo kimebeba karibu 99% ya mzigo wote. Ile miaka 25 ya kuishi na virusi imepewa sifuri kamili, kwa hoja kwamba maambukizi yasiyo na dalili hayapunguzi afya.

Waliotunga uzito huo waliuliza watu walinganishe hali za mwili. Kazi kuyeyuka, uchumba kufa, kukosa usingizi kabla ya majibu, hayo si hali za ini, kwa hiyo hayakuulizwa. Wanajitetea kwamba kipimo ni cha afya, ubaguzi una vipimo vyake vingine. Mimi naona utetezi huo unafaa kwa vitabuni, lakini bajeti ikigawanywa hakuna anayefungua jedwali la pili. Na kwa aina C hata mwilini kuna vinavyopungua: wengi wanalalamika uchovu usioisha kabla ini halijaharibika, na kirusi kinaweza kugusa figo na mishipa ya damu, hata kuchangia aina fulani za limfoma, yaani saratani ya tezi. Sehemu kubwa ya hayo inaangukia kwenye makapu mengine.

Kuna lingine ambalo halisemwi sana. Zamani DALY ilikuwa inakata thamani ya miaka ya mbele kwa 3% kila mwaka. Kwa malaria ya mtoto shida ni ndogo zaidi, anayekufa anakufa sasa hivi. Kwa mtoto anayechanjwa B leo ili asife baada ya miaka 40, mwaka wa kwanza wa uhai utakaookolewa huko mbele ulibaki na thamani ya 0.31 hivi, na inayofuata chini ya hapo. Chanjo nzuri kupita kiasi ilionekana ya kawaida. Kwenye toleo la 2010 la utafiti wa mzigo wa magonjwa duniani walilifuta punguzo hilo, pamoja na ile kanuni ya kuupa umri wa ujana uzito zaidi. Wanauchumi wa afya bado wanalitumia, kwa hiyo ukisoma tathmini ya chanjo angalia kwanza kama lipo.

#11 Mwanatakwimu Mkimya

Naongeza kwa Nuru. Ontario, Kanada, walitoa ripoti mwaka 2010 wakipima mzigo wa vimelea zaidi ya hamsini kwa kipimo ndugu wa DALY. Aina C iliongoza orodha nzima, juu ya bakteria wa pneumokoka na juu ya VVU. B nayo ilikuwa ndani ya tano bora. Hiyo ni jamii ambayo mtu wa kawaida akiulizwa ugonjwa wa kuambukiza anaoogopa, homa ya ini haitaji kabisa.

#12 Bwana Shamba

Mimi ni mtu wa mazao. Sisi tunafundishwa kwamba sumukuvu kwenye nafaka na karanga inaleta saratani ya ini. Nyie mnasema ni virusi. Sasa yule marehemu mmoja mwenye chanzo kimoja, ni wa nani?

#13 Kikokotoo

Mkuu umeuliza swali linalotoa jasho.

Ni wenu na wetu kwa pamoja. Shanghai walifuatilia wanaume 18,244 na kupima mkojo wao kwa alama za sumukuvu na damu kwa HBsAg. Mwenye sumukuvu peke yake hatari yake ya saratani ya ini ilikuwa mara 3.4. Mwenye B peke yake, mara 7.3. Mwenye vyote viwili, mara 59.4. Vinazidishana kuliko hata ungetegemea.

Maana yake ni kwamba ukiuliza "vifo vingapi visingetokea kama sumukuvu isingekuwepo" utapata fungu kubwa. Ukiuliza hivyohivyo kwa B utapata fungu jingine kubwa. Ukiyajumlisha unapita 100%, kwa sababu mtu mwenye vyote viwili angeokolewa na yeyote kati yenu. Hakuna kosa la hesabu hapo. Ni kama wawili wameshika kamba moja inayomning'iniza mtu, akiachia yeyote mtu anasalimika.

Shida inakuja pale kila sekta inapokwenda kuomba fedha na asilimia yake bila kusema kwamba wafu ni walewale. Taarifa inayotaja vifo "vinavyotokana na" kitu fulani bila kusema kama imegawa (kila marehemu chanzo kimoja) au imehusisha (marehemu mmoja anahesabiwa kwa kila kilichochangia), mimi huwa naiweka pembeni.

#14 Bwana Shamba

Nimekuelewa. Basi chanjo ya watoto wachanga inapunguza hata madhara ya nafaka yangu mbovu.

#15 Zamu ya Usiku

Kabisa. Na hapo ndipo nchi nyingi zinalala: dozi ya B ndani ya saa 24 za kwanza. Kanda ya Afrika ya WHO inawafikia 18% tu ya watoto wachanga, wakati 63% ya maambukizi mapya ya B duniani yako kanda hiyohiyo. Wengi wanaanza chanjo wiki ya sita, wakati aliyeambukizwa na mama yake ameshaambukizwa.

#16 Siti ya Mbele

Kikokotoo, ukipewa namba moja tu ya kufuatilia nchi yoyote ile, unachukua ipi? Vifo?

#17 Kikokotoo

Kwa B sichukui vifo. Vifo vinaniambia ya zamani. Nachukua HBsAg kwa watoto chini ya miaka 5, kwa sababu hao ndio wanaogeuka sugu na ndio wanaoonyesha kama bomba limefungwa.

Angalia China. Mwaka 1992 HBsAg kwa watu wa miaka 1 hadi 59 ilikuwa 9.75%. Mwaka 2006 ikawa 7.2%. Ukiishia hapo utasema chanjo imefanya kazi kidogo. Fungua ukurasa wa watoto chini ya miaka 5: kutoka karibu 9.7% hadi 1.0%. Nchi ileile, tafiti zilezile. Wazee waliobeba virusi tangu utotoni wanaufunika ushindi wa wajukuu zao.

Taiwan walianza chanjo ya kitaifa Julai 1984. Watoto wa Taipei wenye HBsAg walikuwa 9.8% mwaka huo, miaka kumi baadaye 1.3%. Na saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ikashuka kutoka 0.70 kwa kila 100,000 hadi 0.36. Ilikuwa ni mara ya kwanza dunia kuona chanjo ikipunguza saratani, na ilionekana mapema kwa sababu watu waliangalia umri sahihi.

Kwa C hakuna chanjo, kwa hiyo nachukua wenye virusi hai kwa makundi ya umri. Ile safari ya 71 hadi 50: kati ya 2015 na 2022 waliotibiwa walikuwa milioni 12.5, na kila mwaka wanaongezeka wapya karibu milioni moja. Hesabu haifungi kwa dawa peke yake. Wengine wamekufa, kwa sababu yoyote ile, na sehemu nyingine ni tafiti mpya zilizochukua nafasi ya makisio ya zamani.

#18 Mwanatakwimu Mkimya

Hiyo namba ya watoto naipenda pia, lakini mjue ugumu wake. Lengo la dunia la 2030 ni HBsAg isizidi 0.1% kwa watoto chini ya miaka 5. Kuthibitisha 0.1% na kosa la juu na chini lisilozidi asilimia 0.05, kwa sampuli rahisi kabisa, unahitaji watoto zaidi ya 15,000. Ukichagua kwa vijiji badala ya mmojammoja, idadi inapanda tena.

#19 Zamu ya Usiku

Na mimi nikimaliza kuwapima nakuletea balaa jingine. Watoto 10,000, wenye virusi kweli 10. Kipimo kikiwa na umahususi wa 99.5%, yaani kati ya wasio na virusi kinawasoma sawasawa 99.5%, ambacho mtu yeyote atakiita kizuri, kitanipa karibu 50 wasio navyo wakisoma wanavyo. Utaripoti 0.6% nchi ambayo imeshafika 0.1%. Lazima kila chanya irudiwe kwa kipimo cha pili, na bajeti za tafiti mara nyingi zinaisha kabla ya hapo.

#20 Mzee wa Kinyume

Sasa hapa ndipo naanza kuwaamini, mnapojisema wenyewe. Swali la mwisho kwangu: mbona hamjataja delta? Nasikia ndiyo kali kuliko zote.

#21 Kikokotoo

Umesikia sawasawa. Kirusi cha delta hakiwezi kuishi peke yake, kinahitaji ganda la B ndipo kisambae, kwa hiyo kinampata tu mwenye B. WHO inakadiria karibu 5% ya wenye B sugu wanacho, watu milioni 12 hivi, na sirosisi kwao inakuja mapema zaidi. Ila kinapimwa na wachache mno. Msimbo wake upo, B18.0, lakini aliyekufa nacho bila kupimwa anaangukia B18.1, na huyo ana bahati kama hakuishia K74.6.

Zamu ya Usiku, kwenu mnakipima kwa kila mwenye HBsAg au mpaka daktari aombe?

#22 Zamu ya Usiku

Mpaka aombe, na haombi.